Shemasi wa Saint-Sulpice na Karata 22



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya watakatifu na ya wamisionari. Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye Kanisa halikumtangaza mtakatifu wala halitamtangaza. Alilelewa seminarini kwa zaidi ya miaka 10, akapewa daraja ya ushemasi, akaondoka wiki chache kabla ya upadrisho. Hakuna nyumba ya malezi inayopenda kusimulia habari za namna hiyo. Tumeamua kuzisimulia kwa sababu vijana tunaokutana nao parokiani wakati wa likizo, simu mkononi, hutuuliza juu ya jambo ambalo mtu huyu aliliwekea msingi.

Jambo lenyewe ni hili. Unaandika tarehe na saa ya kuzaliwa kwako. Programu inakutajia nyota yako, inakupa karata ya taroti inayolingana na nyota hiyo, kisha kila asubuhi inakufunulia karata nyingine tatu: ya jana, ya leo na ya kesho. Msichana mmoja alituuliza kama kweli ni dhambi, maana hakuna mganga, hakuna hirizi, wala hakuna kuku anayechinjwa. Alikuwa ameletewa posa, akataka kujua kama aikubali. Tulimjibu kwa kifupi siku ile, na jibu halikumtosha, wala sisi halikututosha. Makala hii imetokana na deni hilo.

Tuanze na karata zenyewe, kwa kuwa wengi hudhani zimetoka Misri ya mafarao. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Karibu na mwaka 1440, katika majumba ya watawala wa Italia ya kaskazini, Milan na Ferrara, mafundi waliongeza kwenye karata za kawaida fungu la karata za picha: Mfalme Mkuu, Papa, Haki, Mkaapweke, Kifo, Shetani, Nyota, Mwezi, Jua. Jumla zikawa 78, yaani 56 za kawaida na 22 za picha. Kazi ya zile 22 ilikuwa kuzipiga nyingine katika mchezo, kama turufu inavyofanya. Kwa zaidi ya miaka 300 watu walizichezea hivyo, wakala na kupoteza fedha, na wahubiri wakawakemea kwa sababu ya kamari. Hakuna aliyewakemea kwa kutabiri, kwa kuwa utabiri wa taroti kama tunaoujua leo haukuwapo.

Misri iliingia mwaka 1781. Mchungaji Mprotestanti wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, alimkuta bibi mmoja mjini Paris akicheza taroti, akazitazama karata muda mfupi tu, akatangaza kuwa ni kitabu kilichofichwa na makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Champollion aliyafungua mwaka 1822, na tangu hapo hakuna aliyeona humo dalili yoyote ya taroti. Lakini hadithi ilikwisha kutoka. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, alitoa mwaka 1785 kitabu cha kufundisha kutabiri kwa taroti. Baadaye akachapisha karata zake mwenyewe, na zile 12 za kwanza akaziwekea alama za nyota 12. Hivyo karata na unajimu zilikutana kwanza mezani kwa mpiga ramli wa Paris. Ilikuwa bado ni biashara ndogo. Aliyeifanya ionekane kama elimu, tena elimu takatifu, ni shemasi wetu.

Alphonse-Louis Constant alizaliwa Paris tarehe 8 Februari 1810. Baba yake alikuwa fundi viatu. Nyumba ilikuwa maskini na mtoto alikuwa na akili, akipenda kusali na kuchora. Kwa mtoto wa fundi viatu mlango wa elimu ulikuwa mmoja tu, Kanisa. Mwaka 1825 alipokewa katika seminari ndogo ya Saint-Nicolas du Chardonnet. Huko alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mkuu wa nyumba, Padre Frère-Colonna, alikuwa mwalimu mwenye moto, aliyependa kuwaeleza wanafunzi juu ya vipindi vya historia ya wokovu, juu ya nguvu zilizofichika na hila za shetani. Alipoondolewa kwa fitina za wakubwa, kijana Constant aliumia sana. Aliuchukua uchungu huo pamoja naye kwenda Issy kusoma falsafa, kisha seminari kuu ya Saint-Sulpice kusoma teolojia.

Tarehe 19 Desemba 1835 alipewa ushemasi. Upadrisho ulipangwa mwaka uliofuata.

Kazi yake ya kichungaji ilikuwa katekesi. Miongoni mwa watoto aliowaandaa kwa Komunyo ya Kwanza alikuwamo msichana wa familia maskini, Adèle Allenbach. Mama yake alimwomba shemasi amfundishe kwa uangalifu wa pekee, naye akafanya hivyo. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimwona Adèle kama sura ya Bikira Maria, na kwamba siku moja alitambua kuwa kilichokuwa moyoni mwake si ibada tena. Wasifu wake hautaji tendo lolote la aibu. Hata hivyo, katika nyumba za malezi za leo jambo hili lingekuwa na jina lake, na mtoto yule angelindwa mapema. Constant aliwaeleza walezi wake, na mwezi Juni 1836 akaondoka Saint-Sulpice.

Alitoka bila fedha, bila ufundi wowote, akiwa na umri wa miaka 26. Mama yake alikuwa ameishi kwa tumaini moja, kumwona mwanawe altareni. Wiki chache baada ya kijana kuondoka, alijiua.

Hatuwezi kulipita jambo hili haraka. Sisi tulio katika malezi tunajua uzito wa mama anayengoja siku ya upadrisho: ng'ombe aliyekwisha kuahidiwa, kanzu iliyokwisha kushonwa, majirani waliokwisha kuanza kumwita Mama Padre. Tunajua pia wenzetu waliobaki njiani kwa kuogopa kumuumiza mtu wa namna hiyo. Constant hakubaki, na tunaamini hakukosea kuwaambia walezi ukweli. Lakini alilipa bei kubwa, na kwa miaka iliyofuata tunamwona akirudi mara kwa mara kwenye mlango uleule.

Mwaka 1839 alikwenda monasteri ya Solesmes, ambayo Dom Guéranger alikuwa ameifufua miaka michache kabla, akitaka kuwa mmonaki. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha nyimbo za Bikira Maria. Akajifungia katika maktaba, akasoma maandishi ya Wagnostiki wa kale na ya wafumbo wa Ufaransa, akakosana na abate, akaondoka. Alipata kazi ya usimamizi wa wanafunzi katika chuo cha Juilly, akadharauliwa, akaandika kwa hasira kitabu alichokiita Biblia ya Uhuru. Kilitoka Februari 1841, na polisi wakakikamata siku ileile. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 8 na faini ya faranga 300 kwa kushambulia mali na maadili ya dini. Gerezani Sainte-Pélagie alimsoma Swedenborg, Mswidi aliyedai kuzungumza na malaika. Alipotoka alijaribu tena: askofu wa Évreux alikubali kumpokea jimboni, naye akatumia jina la ukoo wa mama yake, Beaucourt, ili watu wasimjue. Siri ikafichuka na mlango ukafungwa.

Mwaka 1846 alifunga ndoa ya kiserikali na Noémi Cadiot, msichana wa miaka 17. Kanisani isingewezekana, maana daraja aliyokuwa nayo ilimfunga. Mwaka 1847 aliingia gerezani tena kwa sababu ya kijitabu juu ya njaa ya maskini, huku mkewe akiwa mjamzito. Binti yao alizaliwa mwezi Septemba, wakamwita Marie. Noémi alikuwa mchongaji wa sanamu na mwandishi mwenye kipaji, na miaka mingi baadaye aliolewa na mwanasiasa, Maurice Rouvier, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ufaransa. Kwa Constant aliondoka mwaka 1853. Mwaka 1854 Marie, aliyekuwa bado mtoto mdogo, akafa.

Katikati ya misiba hiyo aliandika kitabu kilicholeta yote tunayoyaona leo kwenye simu. Alilitafsiri jina lake kwa Kiebrania: Alphonse Louis akawa Éliphas Lévi. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alitoa sehemu mbili za kitabu juu ya mafundisho na ibada ya uchawi mkuu. Kila sehemu ina sura 22, na kila sura inabeba herufi moja ya alfabeti ya Kiebrania, inayolingana na karata moja ya taroti. Karata ya 15 ni Shetani, na sura ya 15 ni ya uchawi mweusi. Karata ya 17 ni Nyota, na sura ya 17 ni ya unajimu. Kitabu chenyewe kimepangwa kama fungu la karata.

Hapa frateri yeyote atatambua mkono wa seminari. Namba 22 si ngeni kwetu. Zaburi ndefu kuliko zote, ile ya 119, ina mafungu 22, kila fungu kwa herufi yake ya Kiebrania. Maombolezo yameandikwa kwa mpango huo. Ufunuo una sura 22. Mababa wa Kanisa walipenda kuzitafakari namba, wakiona katika 12 mitume na katika 7 vipaji vya Roho. Constant alilichukua zoezi hilo, ambalo kwa Mababa lilikuwa njia ya kusali Maandiko, akaliwekea karata za kamari. Ni kazi ya kijana aliyefundishwa vizuri na aliyekosa mahali pa kuutumia ujuzi wake. Tunasema hivyo kwa huzuni. (Hata kitabu cha Mtakatifu Augustino juu ya Mji wa Mungu kina vitabu 22 ndani yake, na kile cha 5 kinaanza kwa kuupinga unajimu!)

Nyota ziliunganikaje na karata? Kiungo ni kitabu kidogo cha Kabala ya Kiyahudi, Sefer Yetzirah. Hicho huzigawa herufi 22 katika makundi matatu: herufi 3 zinazoitwa mama, herufi 7 zenye matamshi mawili, na herufi 12 za kawaida. Zile 3 hulinganishwa na hewa, maji na moto. Zile 7 na sayari 7 za watu wa kale. Zile 12 na nyota 12. Kwa hiyo ukikubali kwamba kila karata ya picha ni herufi, basi bila kazi zaidi kila karata inapata nyota yake, sayari yake au elementi yake. Wayahudi walioandika kitabu hicho walikuwa wakitafakari uumbaji wa Mungu kwa neno. Hawakuijua taroti, na taroti ilitokea karne nyingi baada yao. Lévi alishika ncha mbili zisizojuana akazifunga fundo. Fundo likashika, na wengi waliomfuata hawakuuliza lilifungwa na nani.

Tunapaswa kumtendea haki. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga ramli wa mtaani, na Etteilla alimdharau. Kwake taroti ilikuwa kitabu cha kufikiria, kiasi kwamba mfungwa asiye na kitabu kingine angeweza kujifunza kila kitu kwa karata hizo peke yake. Tunakumbuka kwamba aliyeandika hayo alikuwa amekwisha kufungwa mara mbili. Mwaka 1854 akiwa London alishawishiwa kuita roho ya Apolonio wa Tiana, mwanafalsafa wa kale. Alifunga na kujiandaa, akaona kivuli, akazimia. Aliposimulia baadaye hakudai kwamba aliyemwona ni Apolonio kweli, na aliwaonya wengine wasijaribu.

Lakini vitabu havimsikilizi mwandishi wake. Mwaka 1888 watu wachache wa London, wengi wao Wamasoni, walianzisha chama cha siri kilichoitwa Mapambazuko ya Dhahabu. Walimchukua Lévi wakamrekebisha. Lévi alianza kuhesabu kwa karata ya Mcheza Mazingaombwe, akaipa herufi ya kwanza, na Mpumbavu akamweka karibu na mwisho. Wao walimweka Mpumbavu mwanzoni, na karibu kila karata ikasogea herufi moja. Kisha wakakuta tatizo. Katika mpango wa zamani karata ya 8 ilikuwa Haki na ya 11 ilikuwa Nguvu. Kwa mfuatano wa nyota, Haki yenye mizani mkononi ingeangukia nyota ya Simba, na Nguvu yenye picha ya simba ingeangukia nyota ya Mizani. Walifanya nini? Walizibadilishana namba. Karata zilizochapishwa London mwaka 1909 na Arthur Edward Waite, mfasiri wa Lévi kwa Kiingereza, zikichorwa na Pamela Colman Smith, zina badiliko hilo hadi leo, na ndizo zilizo kwenye simu nyingi.

Paris nako, mwaka 1889, kijana Gérard Encausse, aliyejiita Papus, alichapisha mpango wake akifuata hesabu ya Lévi. Matokeo ni haya: mtu aliyezaliwa katika nyota ya Kondoo, kwa mpango wa London karata yake ni Mfalme Mkuu, na kwa mpango wa Paris karata yake ni Papa. Wa nyota ya Ng'ombe, London atapewa Papa, Paris atapewa Wapendanao. Anayetaka kujua kama aolewe atapata shauri tofauti kwa kutegemea vitabu vya mji gani vilimfikia kwanza mtengeneza programu.

Huyo ndiye binti aliyetuuliza, na hapa ndipo tulipokwama siku ile. Tulimwambia Kanisa linakataza. Ni kweli: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila namna ya kupiga ramli, na inazitaja nyota kwa jina, sababu inayotolewa ni kwamba ndani ya mambo hayo mna tamaa ya kuutawala wakati, historia na hatimaye watu wengine, kinyume cha heshima tunayomdai Mungu peke yake. Namba inayotangulia inasema Mungu anaweza kuwafunulia manabii na watakatifu mambo yajayo, na kwamba Mkristo hujiweka mikononi mwa maongozi yake bila udadisi mbaya. Yote hayo tulimwambia. Tulichokosa kumwambia ni kwamba karata zile hazimjui. Tunamaanisha jambo rahisi kabisa: katika historia nzima tuliyoisimulia, kutoka Milan hadi London, hakuna hatua hata moja ambapo mtu alitazama maisha ya watu waliozaliwa katika nyota ya Kondoo, akaona yanafanana na karata fulani. Kila hatua ni mtu mezani, na kalamu, akipanga orodha ili namba zilingane. Posa yake haikuwamo humo.

Mtakatifu Augustino aliyajua haya kwa njia yake. Alipokuwa kijana aliwaendea wanajimu, na marafiki waliomwonya hawakumshinda. Kilichomwamsha ni habari aliyopewa na Firmini, mtu wa ukoo mzuri, kwamba saa ileile aliyozaliwa yeye, katika nyumba ya rafiki wa baba yake, alizaliwa mtoto wa mtumwa. Baba hao wawili, waliopenda unajimu, walipima nyakati kwa makini na hawakuona tofauti. Firmini alikua akapanda vyeo, yule mwingine akaendelea kutumika chini ya nira. Mtakatifu Thoma wa Akwino baadaye alikubali kwamba nyota zinaweza kugusa miili yetu, na kwa njia ya mwili tamaa zetu, lakini hazina mamlaka juu ya utashi. Binti akiulizwa kama anampenda kijana huyo, kama kijana anasali, kama anawaheshimu wazazi wake, kama ana hasira akinywa, utashi wake utakuwa na kitu cha kushika. Ndiyo maswali ambayo shangazi na bibi zetu wameyauliza siku zote, na ambayo mlezi wa kiroho angeuliza pia. Sisi siku ile hatukuuliza hata moja.

Turudi kwa Constant. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ukimya. Alitoa kitabu cha historia ya uchawi mwaka 1860, na kingine juu ya mafumbo makuu mwaka 1861. Aliishi kwa kufundisha wanafunzi wachache nyumbani na wengine kwa barua. Kwa Baron Spedalieri wa Marseille peke yake aliandika mamia ya barua. Mwaka 1865 ndoa yake ilibatilishwa mahakamani. Vita ya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870, ilimkata na wanafunzi waliokuwa wakimtumia fedha, na wakati Paris imezingirwa alikumbwa na njaa kama wengine. Jambo ambalo mashabiki wake wa leo hawapendi kulitaja ni kwamba hakuacha kujiita Mkatoliki. Hata mwaka 1851, katikati ya safari yake ndefu, alikuwa ameandika kamusi ya fasihi ya Kikristo katika ensaiklopedia ya Padre Migne, iliyokuwa ikinunuliwa na mapadri wa Ufaransa. Katika vitabu vyake vya uchawi anatetea mafundisho makuu ya Kanisa na daraja zake, kwa namna yake iliyopinda, kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani anayezidi kuwasimulia watu uzuri wa nyumba hiyo. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye ufunguo wa maisha yake. Hakuacha kuutafuta upadri. Alipoukosa, alijitengenezea mwingine, wenye vitabu vyake, alama zake na siri zake, usio na askofu wa kumtuma wala waamini wa kuwalisha.

Moyo wake ulidhoofika, miguu ikavimba. Mwezi Mei 1875 alikuwa kitandani katika chumba chake mtaa wa Sèvres, msalaba karibu yake. Wasifu wake unasimulia kwamba padri Mjesuiti aliletwa, wakazungumza wawili, na kwamba akapokea sakramenti za mwisho. Hatujaona popote kwamba karata zilifunuliwa chumbani humo. Alifariki tarehe 31 Mei, siku ya mwisho ya mwezi wa Bikira Maria, akazikwa katika makaburi ya Ivry, na baadaye mifupa yake ikahamishiwa kaburi la pamoja, la watu wasio na fedha za kulipia kiwanja.

Binti aliyetuuliza tulikutana naye tena likizo iliyopita. Safari hii tulianza na maswali ya shangazi. Alizungumza kwa muda mrefu, na simu ilibaki mkobani.